MKE ALIYETUNDIKWA
Darsa juu ya wake wanaoachwa mipakani, na mafunzo ya Bara Hindi

Kumhimidi Mwenyezi Mungu ndio mwanzo wa kila jambo la kheri, na kumsalia Mtume wake ndiko kulitimiza. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, katika darsa ya mwezi huu tumekusudia kuusoma mlango mmoja wa fikihi ambao kila siku twaupita bila ya kuutazama, nao ni mlango wa mume aliyeghibu, na mke wake aliyesalia hana wa kumlisha wala wa kumwacha. Tumeuchagua kwa sababu ya mambo tuliyoyasikia kwa masikio yetu tulipokwenda Busia na Malaba. Na tumetaka kuusoma pamoja na khabari za Waislamu wa Bara Hindi, kwani wao walifikwa na jambo hili kabla yetu. Mara moja wakalitengeneza wenyewe, na mara nyingine wakachelewa mpaka wakatengenezewa na watu wengine.

Msomaji wa pwani asiseme kuwa Busia na Malaba ni mbali naye. Malaba ni mlango wa kutokea mizigo ya bandari ya Kilindini, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na ndipo reli itokayo kwetu ivukapo kuingia Uganda. Busia nayo ni mji uliokatwa na mpaka: jina ni moja na serikali ni mbili. Miji hiyo, kwa upande wa Kenya, imo katika kaunti ya Busia, nchi ya Wateso, na ya Wakhayo, Wamarachi na Wasamia katika Waluhya. Malori yanayosimama hapo kungoja karatasi za forodha mengi yatoka kwetu, na wengi katika wayaendeshao ni wana wetu na ndugu zetu. Kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa rasmi Busia mwezi wa Februari 2018 kimepunguza kungoja. Hata hivyo mwaka 2020, siku za ugonjwa wa korona, safu ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita, na madereva wakakaa siku nyingi njiani. Na mtu akaaye mbali na nyumba yake siku baada ya siku, naye aiogopa zinaa, huoa.

Sisi hatusemi kuwa kuoa huko ni aibu. Misafara ya wazee wetu wa pwani ilifika Mumias, mji wa wafalme wa Wanga, tangu karne ya 19, na wako waliooa huko, wakajenga, wakazaa, na Uislamu ukaingia pande zile pamoja nao. Aliyeoa akakaa na mke wake, au akamchukua, au akamwacha kwa wema na kumpa haki yake, huyo ameoa kama alivyofundisha Mtume, rehema na amani zimshukie. Maneno yetu ni juu ya yule aoaye leo kwa mahari ya haraka na mashahidi wa safarini, kisha siku moja lori lake likabadilishwa njia, asirudi tena, wala asilete nafaka, wala asitamke talaka.

Tulipokuwa Malaba tulikaribishwa na mzee mmoja Muislamu nyumbani kwake, na baada ya sala ya alasiri akatuletea mwanamke wa mji ule aliyetaka kuuliza. Akaketi kando pamoja na mke wa mzee, akatoa salamu, kisha akasema: "Masheikh, nina suala moja tu. Je, mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu?"

Tukamtaka aeleze. Akasema kuwa alisilimu kwa khiari yake, kisha akaolewa na dereva mtu wa pwani, mbele ya imamu na mashahidi wawili ambao walikuwa madereva wenziwe mume. Miaka miwili mume alikuwa akija kila mwezi, wakapata mtoto. Baadaye akaadimika, kisha akanyamaza kabisa. Nambari ya simu haipatikani, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Cheti cha ndoa hakukipata kamwe. Amemwuliza mwalimu mmoja, akamwambia kuwa yeye ni mke wa mtu mpaka aachwe au ifike khabari ya kifo. Nao ndugu zake, ambao si Waislamu, humwambia kila siku: "Rudi katika dini yetu, na leo hii utakuwa huru."

"Mimi sitaki kurudi," akasema, "lakini mtoto hula kila siku. Nanyi mwasemaje?"

Enyi ndugu zetu, neno hili lilitukata maini. Mwanamke ameingia katika Uislamu kwa mlango wa ndoa yetu, na sasa ndoa hiyo hiyo ndiyo inayomsukuma atoke. Na kosa si la dini, kwani Mwenyezi Mungu katika Suratin-Nisaa, aya ya 129, amewakataza waume wasielekee upande mmoja wakamwacha mke kama kitu kilichotundikwa: hayuko chini akatulia, wala hayuko juu akaruka. Na katika Suratil-Baqara, aya ya 229 na ya 231, amemkhiyarisha mume baina ya mambo mawili tu: kumweka mke kwa wema au kumwacha kwa wema, na akamkataza kumzuia ili kumdhuru. Jambo la tatu halimo. Hilo la tatu tumelizua sisi.

Sasa na tutazame Bara Hindi. Wengi wetu tunawajua Wahindi kwa maduka yao, na kwa reli waliyoijenga baina ya mwaka 1896 na 1901, ambapo waliletwa kiasi cha watu 32,000, na katika hao Waislamu wa Punjab walikuwa wengi. Wengi wao walikuja bila ya wake zao. Basi ghaibu ya waume ni jambo la zamani huko kama kwetu. Na Waislamu wengi wa Bara Hindi ni watu wa madhehebu ya Hanafi, na katika madhehebu hayo mlango wa mke kufasikhiwa ndoa kwa sababu ya kukosa nafaka au kwa ghaibu ya mume ni mwembamba mno. Mume akipotea, mke hungoja mpaka wenzi wa rika lake wamekwisha kufa.

Matokeo yake yalikuwa nini? Katika miaka ya 1920 na 1930, khasa Punjab, walitokea wanawake wa Kiislamu waliotangaza kuwa wametoka katika dini, si kwa kuichukia, bali kwa sababu walisikia kuwa mwenye kurtadi ndoa yake huvunjika. Mahakama za Kiingereza zikawakubalia. Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa wa huko, alilitaja jambo hili kwa masikitiko katika mihadhara yake. Tazameni, basi, maneno aliyoambiwa mwanamke wa Malaba na ndugu zake yamekwisha kusemwa Lahore karibu miaka mia iliyopita.

Hapo ndipo aliposimama Maulana Ashraf Ali Thanawi, mwanachuoni mkubwa wa chuo cha Deoband, aliyefariki mwaka 1943. Mtu huyu hakuwa wa mambo mapya. Alikuwa Hanafi wa kweli kweli na sufi. Lakini alipoona kuwa wanawake wanaitoka dini kwa kukosa mlango, hakukaa akawalaani tu. Aliwaandikia maulamaa wa Kimaliki wa Hijazi, akazipokea fatwa zao, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akatoa kitabu chake "al-Hila an-Najiza", akaonyesha kuwa wakati wa dharura yafaa kuifuata kauli ya Imamu Malik katika mke wa aliyepotea na wa asiyelisha. Akafundisha pia kuwa mwanamke aweza kuweka sharti katika akdi yake tangu siku ya ndoa, ili ajiokoe mwenyewe mume akimdhulumu.

Kazi yake haikubaki karatasini. Muhammad Ahmad Kazmi alipeleka mswada katika Baraza la Kutunga Sheria la Bara Hindi, na mwaka 1939 ikapita Sheria ya Kuvunja Ndoa za Waislamu. Kwa sheria ile mwanamke hupata kuvunjiwa ndoa ikiwa mume hajulikani alipo kwa miaka 4, au hakumpa nafaka kwa miaka 2, au amefungwa miaka 7 au zaidi, au ameacha kutimiza haki za ndoa kwa miaka 3 bila ya udhuru, au anamtendea ukatili; na yako mengine. Kisha ikasema kuwa kurtadi peke yake hakuvunji tena ndoa ya mwanamke. Mlango wa haki ulipofunguliwa, mlango wa kufuru ukafungwa. Hata baada ya kugawanywa nchi mwaka 1947, sheria hiyo iliendelea kutumika India na Pakistan.

Wala msidhani kuwa taabu ilikuwa ya Waislamu peke yao. Mke wa Kihindu hakupata mlango wa talaka kwa sheria ya nchi nzima mpaka mwaka 1955, na Wahindu wa hapa Kenya wakawekewa sheria yao ya ndoa na talaka mwaka 1960. Sisi dawa tulikuwa nayo nyumbani kwa zaidi ya miaka elfu na mia tatu. Lakini dawa iliyofungiwa sandukuni haimponyi mgonjwa.

Huo ni upande mmoja wa somo. Upande wa pili ni mchungu zaidi. Baada ya kizazi kile wengi walijiona kuwa kazi imekwisha. Mwaka 1975 mwanamke mmoja wa mji wa Indore, Shah Bano, alitolewa nyumbani na mume wake, ambaye alikuwa mwanasheria, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 40 na watoto watano. Na mwaka 1978 akaachwa. Hakuwa na pa kushika, akaenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikamhukumia nafaka. Waislamu wengi wakapiga kelele kuwa sheria yao imeingiliwa, na mwaka 1986 Bunge likatunga sheria nyingine ya wanawake walioachwa. Kisha mwaka 2001 mahakama ile ile ikaifasiri sheria hiyo kuwa mume yampasa, ndani ya eda, atoe cha kumtosha mke huyo kwa maisha yake ya mbele. Tena mwaka 2017, katika daawa ya mwanamke aitwaye Shayara Bano, aliyeletewa talaka tatu kwa barua, majaji watatu kati ya watano waliibatilisha talaka tatu za mara moja. Na mwaka 2019 Bunge likaifanya kuwa kosa la jinai, mume hufungwa mpaka miaka 3.

Hatutaki kuingia hapa katika khitilafu ya kuwa talaka tatu kwa neno moja ni tatu au ni moja. Wala hatuwasifu wanaotaka kumfunga mume gerezani, kwani mume aliye gerezani hamlishi mtu. Tunachotaka kila mmoja akione ni hiki: mwaka 1939 maulamaa walitangulia, na sheria ikawafuata nyuma. Mwaka 1985, 2017 na 2019 walichelewa, na sheria ikawatangulia. Aliyeachwa na barua hawezi kungoja mpaka wanavyuoni wamalize majadiliano yao. Huenda kwa yeyote atakayemfungulia. Na yule amfunguliaye ndiye atakayeweka masharti.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya Hanafi, sisi ni Mashafi." Kweli, na kwa hiyo hoja juu yetu ni kubwa zaidi. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi imeelezwa kuwa mume akishindwa kutoa hata nafaka ya chini, mke ana khiari ya kusubiri au kutaka faskhi, naye kadhi humpa mume muhula wa siku tatu. Ama mume mwenye mali anayezuia, yuko au ameghibu, kauli yenye nguvu katika Minhaj ni kuwa hapana faskhi, kwani kadhi aweza kuichukua nafaka katika mali yake. Lakini Sheikh Zainuddin al-Malibari, mwandishi wa Fathul-Muin, ameeleza kuwa wahakiki wengi wa zama za baadaye wamechagua kujuzisha faskhi kwa mke wa aliyeghibu ikiwa haiwezekani kuipata nafaka kwake, na kwamba Ibnus-Salah aliitia nguvu kauli hiyo. Na huyo al-Malibari ni nani? Ni mtu wa pwani ya Malabar, Bara Hindi, wa karne ya 16, Shafi kama sisi. Jawabu la yule mwanamke limo katika kitabu tunachokisoma vitakoni mwetu, na kimetoka huko huko Hindi. Thanawi alikwenda kuazima kwa jirani; sisi tunacho nyumbani, na bado twamwambia mwanamke angoje.

Na lau hapangekuwa na kitabu, ungetutosha mwendo wa Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie. Imepokewa kuwa aliwaandikia maamiri wa majeshi juu ya waume walioghibu, wawalazimishe kutoa nafaka au kuacha. Na wakiacha, walete nafaka ya siku zote walizowazuia. Wale walikuwa katika jihadi. Dereva wa lori hana udhuru kuliko wao, tena katika zama hizi ambapo tangu mwaka 2007 fedha hupelekwa kwa simu kutoka Mombasa hadi Malaba kabla maji ya chai hayajachemka.

Ama njia ya mahakamani, iko wazi. Mahakama za kadhi, ambazo wazee wetu wa pwani walizishikilia katika mapatano ya mwaka 1963, zimethibitishwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaozikubali. Hazikuwekwa kwa watu wa pwani peke yao; mwanamke wa Malaba ana haki nazo sawa na mwanamke wa Mvita. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, ya Kiislamu ikiwa ndani yake. Upande wa pili wa mpaka hali si hiyo: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilizitaja mahakama za kadhi, lakini miaka mingi ikapita bila ya Bunge kuziunda. Kwa hiyo mtu aozaye upande wa Uganda mwanamke akaaye upande wa Kenya, bila ya cheti chochote, amemtundika baina ya nchi mbili kabla mume hajamtundika.

Basi nini kitupasacho? Sisi twaona mambo manne.

Kwanza, imamu wa mji wa mpakani asimwoze mgeni asiyemjua. Atake barua ya msikiti wa kwao, kitambulisho, jina la mzee wake atakayeulizwa, na mashahidi wanaokaa katika mji ule. Na mwanamke aliyesilimu, ambaye baba yake si Muislamu, suala la walii wake lipelekwe kwa kadhi wala lisifanywe kwa kukisia. Kisha ndoa iandikishwe, na cheti akishike mwanamke.

Pili, liwekwe sharti tangu mwanzo. Mume atamke na iandikwe kuwa akighibu muda fulani bila ya kuleta nafaka, mke ameachika. Waislamu wa Indonesia na Malaya, nao ni Mashafi kama sisi, wana desturi ya taaliki ya namna hii katika ndoa zao. Na Mtume ametufundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale yaliyohalalisha ndoa.

Tatu, asiyetaka tena kukaa na mke amwache kama inavyopasa: talaka moja, mbele ya mashahidi, katika tohara asiyomwingilia, ampe nafaka ya eda, na mutaa, yaani kile apewacho mwanamke cha kumtuliza moyo, ambacho katika madhehebu yetu ni wajibu. Wala asidhani kuwa kutoka kwa mke kunamtoa kwa mtoto; nafaka ya mtoto iko shingoni mwake popote alipo.

Nne, na hili ni letu sisi wa pwani. Sisi tunawajua vijana hawa. Twawaona misikitini siku ya Ijumaa, twala nao karamu za harusi, na wengine tumewasomesha wenyewe. Tunaposikia kuwa fulani ameoa Malaba, hucheka tukasema, "Ndio safari." Wallahi hili si la kuchekwa. Mzee amwite mwanawe amwulize: yule mke wako wa mpakani hali gani, na mtoto amekula nini leo? Suala hilo moja, likiulizwa na baba au na mama, lina nguvu kuliko khutuba kumi zetu.

Wako watakaosema kuwa kuwaonyesha wanawake mlango wa faskhi ni kuwafundisha kuvunja nyumba. Jawabu letu ni kuwa nyumba ya yule mwanamke ilikwisha kuvunjwa na aliyeondoka. Yeye anaomba tu aruhusiwe kutoka chini ya kifusi. Na mlango huu hatukuufungua sisi. Umefunguliwa na Mwenyezi Mungu, nasi tumeuwekea kiti tukauketia.

Yule mwanamke tulimwambia yaliyo vitabuni, tukamwandikia barua ya kwenda nayo kwa kadhi, na yule mzee akaahidi kufuatana naye. Mpaka tuandikapo haya hatujapata khabari ya hukumu. Lakini jina la mji wa mume wake tunalo, nao ni mji mmoja katika hii yetu ya pwani, na tumekwisha kuanza kuuliza. Ikiwa yeye mwenyewe ni katika wasomao karatasi hii, tunamkumbusha kuwa kumweka kwa wema au kumwacha kwa wema bado kumo mkononi mwake, kabla halijaondolewa mkononi mwake na kadhi hapa, na kabla hajaulizwa huko ambako hakuna kubadilisha nambari ya simu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale wasikiao maneno wakayafuata yaliyo mema, na awape faraja wake wote waliotundikwa, wa Malaba na Busia, na wa kila mahali. Amin.